Kuomba na Kuombea: Rees Howells na Chuo Chake cha Swansea

Bwana Yesu asifiwe. Asante, mkuu wa chuo, na asanteni wanachuo kwa kunipa saa hii ya baada ya ugali, ambayo sote tunajua mhadhiri wake halisi ni usingizi. Nitajitahidi kushindana naye.

Nimeombwa nizungumzie mwinjilisti aliyeongoza chuo cha Biblia. Nimemchagua mchimba makaa ya mawe kutoka Wales, Rees Howells. Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1879 katika kijiji cha Brynamman, mtoto wa sita kati ya watoto 11. Akiwa na miaka 12 aliacha shule akaingia kiwanda cha mabati, baadaye akashuka mgodini. Ujanani alivuka bahari kwenda Pennsylvania, Marekani, kutafuta dola, na huko ndiko alikookoka. Aliporudi kwao, uamsho wa kiroho wa 1904 ukaikumba Wales, naye akawa katikati yake. Sitakaa hapo. Uamsho ule una wasimulizi wengi.

Ninachotaka tukae nacho ni silabi moja. Sisi tuna neno *kuomba*, na tuna neno *kuombea*. Tofauti ni herufi moja tu, na wengi wetu kanisani huipita kama tuta la barabarani usiku. Tunasema "nitakuombea" tukimaanisha "kwaheri". Howells alitumia maisha yake yote kuichimba hiyo herufi, kama alivyochimba makaa.

Kijijini kwao palikuwa na mlevi aitwaye Will Battery. Alikuwa haogi, hanyoi ndevu, havai soksi, na kamba za viatu vyake zilikuwa hazifungwi. Alilala kiwandani, pembeni ya matanuri, kwa sababu ya joto. Howells aliamua kumwombea. Sasa, mimi na wewe tungeliandika jina la Will kwenye karatasi ya maombi ya mkesha, tukasema Amina, tukaenda zetu nyumbani. Howells alikwenda kulekule kwenye matanuri akajifanya rafiki yake. Jumapili alikuwa kwake. Siku ya Krismasi alimchukua nyumbani kwa wazazi wake akale nao, wakapita barabara kubwa ya kijiji wakati watu wametoka na nguo zao mpya. Hebu mwone huyo kijana aliyeokoka, amevaa suti yake, ameongozana na mtu ambaye harufu yake inatangulia. Kuna watu waliona aibu kwa niaba yake. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni aibu ilimshika. Ilichukua miaka, si wiki.

Kwake, kuombea kulikuwa kujiweka mahali pa yule unayemwombea. Andiko lake lilikuwa Ezekieli 22:30, Mungu akitafuta mtu wa "kusimama mbele zangu mahali palipobomoka". Angalia, halisemi apaangalie palipobomoka. Asimame hapo.

Mwaka 1915 yeye na mkewe Elizabeth walisafiri hadi Rusitu, karibu na mpaka wa Msumbiji, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Uamsho ukazuka Oktoba mwaka uleule. Lakini kabla ya kuondoka, walimwacha mtoto wao wa pekee, Samuel, aliyezaliwa 1912. Hawakumwacha kwa bibi kwa likizo. Walimtoa, akalelewa na ndugu zao kama mtoto wao. Howells aliamini kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyedai hivyo. Nimewahi kusikia habari hii ikihubiriwa na watu wote wakapiga makofi. Mimi nina watoto, na makofi yangu hayatoki upesi hivyo. Nitaiacha hapo, lakini mkumbuke jina la huyo mtoto.

Walirudi Uingereza mwaka 1920, naye akawa msemaji maarufu wa mikutano ya misheni. Angeweza kuishi kwa jina hilo hadi uzeeni. Badala yake akasema Mungu anamtaka afungue chuo, na mwaka 1924 Chuo cha Biblia cha Wales kikafunguliwa katika jumba la Glynderwen, mjini Swansea, likitazama bahari. Hakuwa na dhehebu nyuma yake wala wafadhili wa kudumu. Tena alijiwekea sharti: hakuna kuomba watu pesa. Hakuna harambee, hakuna barua za "wapendwa tunaomba mtushike mkono". Mahitaji yalipelekwa kwa Mungu peke yake. Baadaye aliongeza mali nyingine, Derwen Fawr, Sketty Isaf na Penllergaer. Pale Derwen Fawr aliweka nguzo mbili za mawe. Moja ilichongwa "Yehova-yire", yaani Bwana atatoa, na nyingine maneno ya Waebrania 11:1 kuhusu imani.

Hapa naomba niseme jambo. Nilisoma chuo kimoja ambacho mkuu wake alipenda sana kutaja nguzo hizo. Maharage yakiisha jikoni, tunaitwa kwenye maombi. Mwaka wa pili tukagundua maharage hayakuwa yanaisha, yalikuwa yanauzwa. Msichanganye. Howells alikuwa mtu wa hesabu. Kama pesa haijaja, alijiuliza kwanza yeye amekosea wapi, na ndipo akadai kwa Mungu.

Wala mambo hayakumnyookea. Mwaka 1925, chuo kikiwa bado kichanga, ukatokea mgogoro mkubwa, walimu na wanafunzi wengi wakaondoka. Alibaki na wachache, akaanza upya.

Halafu vikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mfalme Haile Selassie, aliyekuwa uhamishoni Uingereza baada ya Italia kuivamia Ethiopia, aliwahi kukitembelea chuo, na wanachuo walikuwa wakiiombea nchi yake. Penllergaer ilinunuliwa kwa ajili ya watoto wa Kiyahudi waliokimbia Ulaya. Na mwaka 1939 Howells alitangaza hadharani kwamba Mungu amemwambia vita haitatokea. Tarehe 3 Septemba Uingereza ikaingia vitani. Magazeti yalimdhihaki, na mnaweza kufikiri ilikuwaje kwa mwanafunzi wa Swansea aliyetumwa sokoni wiki ile.

Wanaompenda wana maelezo mengi ya kuinyoosha habari hiyo. Mimi nadhani alikosea, basi. Linalonivutia ni kilichofuata. Chuo hakikufungwa kwa aibu. Kila jioni, kuanzia saa moja hadi saa sita usiku, wakisimama kidogo tu kwa chakula, walikaa kuombea ile vita aliyosema haitakuwepo. Mabomu yalianguka Swansea yenyewe, mji ukaungua, nao wakiwa palepale, mahali palipobomoka.

Howells alifariki tarehe 13 Februari 1950. Habari zake zilienea duniani kupitia kitabu cha mwaka 1952 cha Norman Grubb, ambaye si mgeni kwetu kabisa: alikuwa mmisionari Kongo, mkwe wa C.T. Studd, yule mmisionari Mwingereza aliyezikwa Ibambi, kulekule Kongo.

Chuo kikapata mkuu mpya, naye alikiongoza kwa zaidi ya miaka 50, kwa utaratibu uleule wa kutoomba watu pesa. Mwaka 1959 alimpokea kijana Mjerumani, Reinhard Bonnke, mwinjilisti wa baadaye ambaye wazazi wenu wengi walisimama juani kumsikiliza hapa Afrika Mashariki. Bonnke hakumkuta Rees Howells. Aliyemkuta ofisini, mtu mpole asiye na makuu, alikuwa Samuel, yule mtoto aliyetolewa kwa ndugu.

Naona mkono kule nyuma umeinuliwa tangu nilipotaja maharage. Karibu.