Mtaa wa Hefang na Karai la Mafuta

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo nawapeleka Hangzhou, mashariki mwa China, kwenye mtaa wa kale wa sokoni ulio chini ya kilima cha Wushan. Unaitwa Hefang. Eneo lake lina jina refu zaidi, Qinghefang, na jina hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Mwaka 1127 jeshi la Wajurchen, watu wa kaskazini-mashariki, liliteka Kaifeng, mji mkuu wa enzi ya Song. Waliosalimika wa ukoo wa kifalme wakakimbilia kusini, na kuanzia 1138 Hangzhou ikawa makao yao. Wafanyabiashara wakawafuata. Biashara ya enzi hiyo ilikuwa na mkono mrefu: mwaka 1945, kule Kajengwa, kusini mwa Unguja, zilifukuliwa sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za Song.

Jenerali Zhang Jun alijenga jumba lake mtaani hapo. Mfalme alimtunuku cheo cha Mwanamfalme wa Qinghe, na mtaa ukabeba cheo hicho. Alikuwa tajiri wa kupindukia. Husimuliwa kwamba fedha yake aliiyeyusha ikawa mapande ya mviringo, kila moja karibu kilo 40, akayaita "hawayawezi", maana hakuna mwizi ambaye angeyabeba.

Lakini Zhang Jun huyo alishirikiana na waziri Qin Hui kumtungia kesi jenerali mwenzao, Yue Fei, aliyetaka kuirudisha kaskazini kwa vita. Jenerali Han Shizhong alipouliza ushahidi uko wapi, Qin Hui alimjibu: "Labda upo." Yue Fei akauawa mwanzoni mwa 1142. Nimesoma habari hii mara nyingi, na neno hilo "labda" bado hunichoma.

Watu wa kawaida wangefanya nini? Wangemshtaki waziri kwa nani? Hapo ndipo hadithi inapoingia. Muuza vitafunio mmoja wa Hangzhou, wanasema, alifinyanga unga akapata watu wawili, Qin Hui na mkewe, akawabana mgongo kwa mgongo na kuwatumbukiza kwenye karai la mafuta yanayochemka. Majirani wakajaa kununua. Wakakiita kitafunio hicho "Hui wa kukaangwa".

Najua unga ulikaangwa China karne nyingi kabla ya Qin Hui kuzaliwa. Hadithi hii haituelezi chanzo cha chakula. Inatuonyesha hasira za watu zilikopata pa kutokea wakati mahakama imefungwa. Yue Fei alisafishwa jina mwaka 1162, miaka 20 baadaye. Leo, mbele ya kaburi lake kando ya Ziwa la Magharibi, wamepiga magoti watu wanne wa chuma: Qin Hui, mkewe, Moqi Xie, yaani afisa aliyeiendesha kesi ile, na Zhang Jun. Ndiyo, mwenye mtaa wetu. Kwa muda mrefu wageni waliwatemea mate na kuwapiga.

Jina la mtaa halikubadilishwa. Ukipita Hefang leo utakuta kitafunio cha Hangzhou kiitwacho congbaohui: unga ule wa kukaangwa, vipande viwili vilivyogandamana, umeviringishwa kwenye chapati nyembamba pamoja na majani ya kitunguu. Muuzaji huulaza juu ya chuma cha moto na kuukandamiza kwa mwiko, anaugeuza, anaukandamiza tena, mpaka ukauke na kuanza kulia kau-kau.