Usiwaulize Kama Wataipenda

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Asanteni kwa kunikaribisha tuzungumzie utafiti wa soko kwa anayetaka kutengeneza programu ya simu, na asanteni zaidi ninyi mliokaa mbele, maana viti vya mbele huwa vinakimbiwa utadhani mzungumzaji anauma.

Kabla sijasema lolote, toeni simu zenu. Tazameni programu mlizopakua wenyewe, siyo zile zilizokuja na simu. Hesabuni ambazo hamjazifungua tangu mwezi uliopita. Naona watu wanacheka. Kaka hapa anasema kumi na nne. Haya, zirudisheni mifukoni.

Kila moja katika hizo kumi na nne kuna mtu aliyekesha akiitengeneza. Alibishana na wenzake kuhusu rangi ya kitufe. Aliwaambia watu wa nyumbani kwake wavumilie miezi michache. Na kaka yetu hapa, bila ubaya wowote, hakumbuki hata aliipakua kwa nini.

Mimi nimewahi kuwa huyo aliyekesha. Niliwahi kutengeneza programu ya kuandika madeni. Simaanishi madeni ya benki, nasema haya ya kawaida: umemkopesha rafiki, rafiki amekukopesha. Wazo lilinijia baada ya kumkopesha mtu pesa nikasahau, naye akasahau kuliko mimi. Nikaandaa dodoso la maswali kumi, nikalituma kwa marafiki, jamaa na watu niliosoma nao. Swali la sita lilisema: Je, ungetumia programu ya simu inayokukumbusha nani unamdai na nani anakudai? Karibu wote wakajibu ndiyo. Wengine waliniandikia hongera. Nikajenga kwa miezi minane. Ilipotoka wakaipakua, kila mmoja akaandika deni moja la kujaribia, na biashara ikaishia hapo.

Ndipo nikaanza kukaa nao mmoja mmoja, jambo nililopaswa kulifanya miezi minane nyuma. Nikagundua hakuna aliyesahau deni lake. Anayedai hasahau! Anakumbuka kiasi, siku, na shati alilovaa mdaiwa. Kilichowashinda ni kuona haya. Mtu anaona aibu kumwambia rafiki yake nilipe. Sasa programu yangu ilikuwa inamkumbusha kila Jumatatu jambo ambalo tayari lilikuwa linamuuma. Wakaizima arifa, kisha wakaifuta.

Tazameni lile swali la sita. Halikuwa swali, lilikuwa ombi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi niliivutia ngoma kwangu kwa mikono miwili. Na waliojibu hawakunidanganya. Niliwauliza kuhusu kesho, na kesho kila mtu ni mwema: atafanya mazoezi, ataweka akiba, atatumia programu yako.

Kwa hiyo leo nimekuja na jambo moja. Kwenye utafiti wa soko usimuulize mtu atafanya nini. Muulize amekwisha kufanya nini.

Chukueni mfano wa mtu anayetaka kutengeneza programu ya kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa. Njia ya kwanza, anauliza: Ungependa kukumbushwa? Nani atakataa kukumbushwa dawa? Njia ya pili, anauliza: Mara ya mwisho uliyopitisha dozi ilikuwa lini? Ulikuwa wapi? Uligundua vipi? Ulifanya nini baada ya hapo? Tangu siku hiyo umebadilisha chochote? Hapo mazungumzo yanageuka. Mmoja atakwambia alikuwa safarini na dawa zilibaki nyumbani. Huyo arifa haimsaidii kitu. Mwingine atakwambia aliziacha makusudi kwa sababu zinamtia kichefuchefu. Huyo naye umkumbushe nini? Wa tatu atakwambia amekwisha kuweka kengele tatu za simu, na bado mchana huwa anazizima akiwa kazini akisema nitameza baadaye. Huyo wa tatu ndiye wa kumkalia chini muda mrefu, kwa sababu amejaribu kujitibia tatizo mwenyewe na dawa yake imemshinda.

Mimi nikisikia mtu ana tatizo lakini hajawahi kulifanyia lolote, hajaandika kwenye daftari, hajamwomba mtu, hajatafuta kwenye intaneti, namshukuru kwa muda wake na ninaondoka. Tatizo lake ni la mazungumzo tu.

Mtauliza niwahoji wangapi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiijaribu dizaini yako na watu watano utaona sehemu kubwa ya kasoro zake. Watu wameibeba hiyo tano wakaipeleka kwenye utafiti wa soko, wanahoji watano na kutangaza kwamba soko lipo. Yeye alikuwa anazungumzia mtu kukwama kwenye skrini. Kama mtu huyo anaihitaji skrini yenyewe, hilo ni suala jingine kabisa. Kipimo changu ni cha kizembe lakini kinanifaa: nahoji mpaka nianze kusikia masimulizi yaleyale na niweze kukisia sentensi inayofuata. Kwa kundi moja la watu wanaofanana, mara nyingi hilo hutokea mtu wa kumi au wa kumi na tano hivi. Nikifika ishirini na kila mmoja ana habari yake, najua nimechanganya makundi mawili au matatu, na hapo inabidi nichague moja.

Ndugu na marafiki wapumzisheni. Wanakupenda, na upendo unaharibu data.

Dodoso silipingi. Lina kazi yake, ya kuhesabu jambo ambalo umekwisha kulielewa. Ukilitanguliza, unahesabu mawazo yako mwenyewe yakiwa yamewekewa alama ya vema.

Sasa washindani. Nikimsikia mtu anasema programu yangu haina mshindani, naingiwa na wasiwasi. Ama hajatafuta, ama hakuna anayeihitaji. Na mshindani si lazima awe programu. Daftari ni mshindani. Kundi la WhatsApp ni mshindani. Mama mwenye kumbukumbu nzuri ni mshindani, tena mkali, kwa sababu hahitaji chaji.

Zile programu zinazofanana na wazo lako, zipakue zote uzitumie wiki nzima, kisha nenda usome maoni ya watumiaji kwenye maduka ya programu. Ni utafiti wa bure ambao watu wanaupita tu. Ushauri wangu: anzeni na nyota tatu. Mwenye nyota tano anasifu, mwenye nyota moja mara nyingi amesahau nywila yake na ana hasira. Mwenye nyota tatu ameitumia kweli, anaitaka, na kuna kitu kimemkwaza. Andikeni maneno yake kama alivyoyaandika, msiyasafishe. Siku mkija kuitangaza programu yenu, maneno hayo ndiyo mtakayoyahitaji, kwa kuwa ndiyo mteja anayoyaandika akitafuta. Angalieni pia programu hiyo ilisasishwa lini mara ya mwisho. Ikiwa wenyewe wameitelekeza miaka miwili, ulizeni kwa nini kabla hamjashangilia.

Apple ilipofungua duka lake Julai 2008, lilikuwa na programu zipatazo 500. Siku zile uliweza kuweka kitu cha kuchezea na dunia ikakiona. Leo zinahesabiwa kwa mamilioni, na anayekuja kwako anakuja akiwa amekwisha kuchoka.

Mtu mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, kama anasema ukiwa na pesa haya yote unayaruka. Basi tuzungumzie Quibi. Ilikuwa huduma ya Marekani ya vipindi vya video visivyozidi dakika kumi, vya kutazamwa kwenye simu. Iliasisiwa na Jeffrey Katzenberg, mkongwe wa Hollywood, na mtendaji mkuu alikuwa Meg Whitman, aliyewahi kuongoza eBay. Walikusanya dola bilioni 1.75. Wakafungua Aprili 2020, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo wakafunga. Ni kweli walifungua wakati watu wamefungiwa majumbani kwa korona, na wao wenyewe walisema wakati ulichangia. Lakini katika barua yao ya kuaga walikiri pia kwamba huenda wazo lenyewe halikuwa na nguvu ya kusimama peke yake. Video fupi watu walikuwa wanazipata bure YouTube na TikTok. Kisha mwanzoni hukuweza kuitazama kwenye televisheni, wala kupiga picha ya skrini umtumie mwenzako, wakati watu wanaopenda video fupi kazi yao kubwa ni kutumiana. Kwa maoni yangu, saa mbili za kukaa kimya kando ya kijana mwenye simu mkononi zingewaonyesha hilo la pili.

Mpaka hapa tumesikiliza na kutazama. Baadaye lazima ujaribu, na kujaribu hakuhitaji kuandika msimbo wa programu. Jeff Hawkins, mwasisi wa kampuni ya Palm, kabla kampuni hiyo haijatoa kile kifaa chake cha mkononi cha kuandikia miadi mwaka 1996, alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa aliokuwa anaufikiria, akakitia mfukoni na kutembea nacho. Mtu akimwomba waonane, anatoa ubao wake, anajifanya anaandika miadi. Mnacheka, lakini alikuwa anajifunza mara ngapi kwa siku mkono wake unakwenda mfukoni, na kwa ajili ya nini. Na Drew Houston wa Dropbox, ile huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, mwaka 2008, huduma ikiwa bado haijafunguliwa kwa umma, aliweka video fupi inayoonyesha inavyofanya kazi. Orodha ya wanaosubiri ikaruka kutoka watu 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja.

Ila angalieni, kujiandikisha kwenye orodha ni rahisi. Mimi napenda kumwomba mtu atoe kitu kinachomuuma kidogo: nusu saa yake Jumamosi, au anitambulishe kwa bosi wake, au alipe nusu ya bei sasa hivi. Sura za watu hubadilika hapo! Aliyekuwa anasema wazo zuri sana anaanza kutazama saa.

Habari ya ukubwa wa soko nitaipita haraka. Msianze na idadi ya watu wote wenye simu duniani halafu mkasema tukipata asilimia moja tu. Hiyo asilimia moja haijulikani inatoka wapi. Anzeni chini: ni watu gani hasa, mnawafikia kwa njia ipi, kumpata mmoja kunagharimu kiasi gani, naye atabaki muda gani. Ulizeni pia wanatumia simu za namna gani. Simu ikijaa, mtu hufuta programu asiyoitumia kila siku, na huenda ni yako.

Na msidhani utafiti unaisha siku programu inapotoka. Kevin Systrom na Mike Krieger walikuwa na programu iitwayo Burbn, ya kuwaambia marafiki uko wapi, yenye mambo chungu nzima ndani yake. Wakaona watu hawashughuliki na mengi kati ya hayo, ila picha wanaweka. Wakayakata mengine, wakabaki na picha, maoni na alama ya kupenda. Oktoba 2010 wakaitoa kwa jina la Instagram. Wengi wetu tungewalaumu watumiaji kwa kutosoma maelekezo.

Nimeambiwa muda unakwisha, tuchukue maswali. Ndiyo, dada mwenye kitambaa cha kijani. Anauliza: nikiwaeleza watu wazo langu, je, wakiliiba? Swali zuri, na jibu ni kwamba kwa namna nilivyowaeleza huna haja ya kulitaja wazo. Unamuuliza mtu habari za dozi aliyoipitisha, programu unaitaja ya nini? Tena ukiitaja tu, anaacha kukueleza maisha yake na anaanza kukushauri kuhusu rangi.

Mwingine? Kaka wa kumi na nne, karibu. Anataka kujua programu ya madeni iliishia wapi.

Haya. Katika yale mazungumzo ya baadaye, mama mmoja aliniambia yeye hadai mwenyewe, humtuma dada yake adai kwa niaba yake. Nikasema hapa pana kitu: watu wanataka mtu wa kudai kwa niaba yao. Safari hii sikujenga. Nilichukua watu kumi na mmoja, nikawa natuma mimi mwenyewe ujumbe kwa wadaiwa wao, kwa ruhusa yao, kwa lugha ya upole kama ya mashine. Kwa wiki tano. Na wengi walilipwa, nikafurahi sana. Kisha nikawauliza mara ya mwisho kabla ya hapo walimkopesha mtu lini. Mwaka jana, akasema mmoja. Mwingine, miaka miwili iliyopita. Walinishukuru, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na deni la pili la kunipa. Basi nikafunga daftari.

Hapana, sikusikitika sana. Siku mbili hivi. Kuna mkono mwingine kule nyuma, karibu na mlango, naomba umpelekee kipaza sauti.