Sato wa Jipsam, Mwamba wa Nta

(Mhadhara uliotolewa Nyakato, Mwanza, mbele ya vikundi vya akina mama na vijana wajasiriamali. Umeandikwa kama ulivyotamkwa. Baadhi ya maswali yamepunguzwa.)

Mwangaluka mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango.

Nimeombwa nizungumzie mishumaa ya mapambo na vile vitu vya kupamba nyumba vinavyomiminwa kwenye kalibu: vishikio vya mishumaa, visahani vya pete, vyungu vidogo vya maua, vigae vya ukutani. Naanza na malalamiko, tuyamalize mapema. Fungueni simu muwatazame wanaouza mishumaa ya mapambo hapa mjini. Mtaona mchemraba wenye vidonge vya duara, mtaona kiwiliwili cha mwanamke asiye na kichwa, mtaona dubu kashika waridi. Nenda Arusha, ni hao hao. Vuka Nairobi, ni hao hao, kwa sababu wote tumeagiza kalibu zile zile mtandaoni. Sasa mteja akuchague wewe kwa lipi? Anabaki kuuliza bei tu. Na kwenye kushushiana bei, anayeumia ni mwenye mtaji mdogo, yaani sisi.

Nta haina siri. Jipsam haina siri. Vyote vinauzwa dukani na anayetaka atavipata. Mali yako ni kalibu uliyoitengeneza mwenyewe, kutoka kwenye kitu ambacho mwenzako wa Arusha hana. Na sisi kitu hicho tunakikanyaga na kukila kila siku.

Nianze na cha kula. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri, chagua sato mbichi, mapezi yakiwa mazima, macho yamejaa. Sato aliyelala macho yake huzama, na jipsam haifichi. Mteja ataona kabisa kwamba samaki wako alikuwa wa jana. (Kicheko.) Usimpare magamba. Msugue taratibu kwa siki na chumvi mpaka ute wote utoke, maana ute ukibaki unafunika alama za magamba, na magamba ndiyo biashara yenyewe. Mfute akauke. Tandika udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, unene wa vidole vitatu, mlaze ubavu, kisha mkandamize kwa kiganja mpaka nusu ya mwili izame. Lile pezi la mgongoni lenye miiba lifungue kwanza, ulibane kwa vijiti vya meno, la sivyo linajikunja na kazi yote inapoteza sura. Kumtoa, shika kichwa na mkia kwa pamoja, mwinue wima. Ukimburuta umeharibu.

Kinachobaki kwenye udongo ni shimo lenye kila gamba, kifuniko cha matamvua, na ule mstari wa ubavuni ambao kwa sato umekatika vipande viwili, cha juu kinaishia na cha chini kinaanza. Mvuvi akikiona kigae chako atautafuta mstari huo kabla hajakusalimia. Mimina jipsam humo, iache ishike, bandua udongo. Huyo sato wa jipsam huuzi. Huyo ndiye mama, umbo la kutolea kalibu. Mkwangue kidogo palipozidi, mkaushe siku kadhaa, mpake vanishi ili asinywe kitu. Samaki mwenyewe mpeni paka, kashapata siki ya kutosha.

Juu ya mama ndipo tunamimina silikoni, mpira wa maji unaokauka na kuwa kalibu. Zipo aina mbili: inayokazwa na bati na inayokazwa na platinamu. Ya platinamu hudumu zaidi lakini ina madeko. Ikigusana na salfa, ambayo imo kwenye baadhi ya plastisini na kwenye glovu za mpira, inagoma kukauka, inabaki inanata hata ungeisubiri wiki. Ya bati hainyenyekewi hivyo, ni nafuu, ila baada ya muda husinyaa kidogo na kuzeeka. Kwa jipsam na mishumaa ya kuanzia biashara, ya bati inatosha. Pima kwa mizani, si kwa macho, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka la kwanza lipake kwa brashi, jembamba, liingie kwenye kila gamba. Mengine mimina kutoka kona moja, polepole, kwa uzi mwembamba, silikoni ijisukume yenyewe na kutoa hewa.

Silikoni ni ghali na ndiyo inayowakatisha wengi tamaa, kwa hiyo sikilizeni hapa. Kabla hujafungua kopo, mimina mchele kwenye nafasi iliyobaki kati ya mama na kuta za boksi ulimomweka, kisha umwage mchele huo kwenye chombo cha kupimia. Hicho ndicho kiasi cha silikoni utakachohitaji, huna haja ya kukorogea ndoo nzima kwa hofu. Na si lazima ujaze boksi. Paka matabaka manne matano yafikie kama sentimita moja, halafu nje yake mimina ganda la jipsam la kuishikilia isilegee. Umeokoa zaidi ya nusu.

Sasa jipsam. Inatokana na jiwe la jasi, na jasi yetu huchimbwa Makanya kule Same, na Itigi kule Singida. Ikichomwa kwenye joto la kama nyuzi 150 inapoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake na kuwa unga. Ukiirudishia maji, inayadaka na kugeuka jiwe tena. Ndiyo maana inapata moto mkononi: si uchafu, si sementi iliyochanganywa humo, ni jasi inarudi nyumbani. Dukani ulizeni unga wa kumiminia mapambo ya dari. Ule wa kupiga skimu ukutani haufai, unachelewa kushika na kona zake zinamumunyuka.

Kilo moja ya unga kwa maji gramu 600 hadi 700. Maji yanatangulia, unga unanyunyizwa juu, kama ugali. Uache uzame wenyewe dakika moja mbili, ndipo ukoroge taratibu bila kuingiza hewa. Hapo una dakika chache tu. Ukiona inaanza kuwa nzito, usiongeze maji. Ukiongeza umevunja mnyororo uliokwisha kuanza kujifunga, na kitu chako kitakuwa chaki. Ukimaliza kumimina, gongagonga meza viputo vipande juu. Baada ya nusu saa hadi saa moja kinabanduka, ila hakijakauka. Ukikipaka rangi siku hiyo hiyo, rangi itavimba.

Onyo moja. Msimchukue mtoto alama ya mkono kwa kuuzamisha kwenye ndoo ya jipsam. Mwaka 2007 nchini Uingereza msichana wa shule aliizamisha mikono yake kwenye jipsam darasani, ikashika, ikapanda joto akiwa bado amekwama humo, na akapoteza karibu vidole vyote. Jipsam nyingi ikishika kwa pamoja inaweza kufika nyuzi 60. Alama ya mkono chukueni kwenye udongo, halafu mmimine jipsam kwenye udongo.

Na maji ya kuoshea ndoo msiyamwage kwenye sinki wala mtaroni yakaishia ziwani. Yaacheni yatulie, jipsam ikae chini, mtupe lile pande.

Nta. Hapa nitatumia muda, maana wengi mnaipenda lakini hamuiogopi inavyostahili. Nta ya parafini ya mishumaa huyeyuka kwenye nyuzi 50 na kitu hadi 60 na kitu. Mvuke wake unaweza kushika moto ikifika kama nyuzi 200, na sufuria iliyokalishwa juu ya mkaa bila kitu katikati hufika huko ukiwa unajibu simu. Kwa hiyo sufuria ndani ya sufuria, maji katikati, siku zote. Sisi wa Mwanza tuna zawadi hapa: ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mradi maji yapo, nta yako haiwezi kuvuka hapo. Angalieni tu yasiishe. Na nta ikishika moto, funika mfuniko, zima jiko. Usimwage maji, yataruka kuwa mvuke na kuutawanya moto jikoni kote.

Nta ikipoa inasinyaa, na parafini inasinyaa sana, asilimia kumi na zaidi. Ndiyo maana mshumaa wako unazama katikati na kuacha shimo kando ya utambi. Watu wanadhani wameuziwa nta mbovu. Hapana. Uso ukianza kuganda, toboa kwa kijiti pembeni mwa utambi, hewa iliyonaswa itoke, kisha mimina mara ya pili ukiwa umebakiza nta ya ujazo huo. Kusinyaa huko huko ndiko kunakokusaidia kuutoa mshumaa kwenye kalibu ngumu. Ukiongeza steariki, yale mafuta magumu meupe, kama asilimia kumi, mshumaa unakuwa mgumu, mweupe, na unabanduka vizuri zaidi.

Rangi: rangi ya chakula ya maji haichanganyiki na nta, na kalamu za rangi za watoto zinaziba utambi. Nunueni rangi ya mishumaa. Harufu, asilimia sita hadi kumi ya uzito wa nta, basi.

Nilisema kitu tunachokikanyaga. Mji huu umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Nyumba za Mabatini, za Igogo, zina jiwe uani kubwa kuliko jiko. Chukua bonge la udongo, likandamize kwenye jiwe lako, libandue, mimina jipsam nyembamba humo kama kwa sato: una ngozi ya jiwe la Mwanza, chembe kwa chembe, hadi nyufa. Bandika ngozi hizo kuzunguka bonge ulilolichonga umbo, mawe matatu yaliyopandana, lile jiwe la Bismarck la ziwani kama ukitaka, na hapo una mama wa mshumaa ambao mgeni anayeondoka Kamanga na kivuko ataubeba kwenye begi.

Kwa nini jiwe liwe mshumaa na sato asiwe? Kwa sababu mshumaa ni wa kuwashwa. Sato wa nta ukimwasha anayeyuka kichwa, sura mbaya, mteja hamwashi tena na harudi kununua mwingine. Jiwe likiyeyuka linabaki jiwe. Sato mfanye kigae, au kishikio. Lakini kishikio cha jipsam kisichopakwa vanishi msikimiminie nta moja kwa moja, kinainywa nta na utambi unakauka. Wekeni ndani yake kikombe cha bati. Rezini, ile plastiki ya maji inayomiminwa ikakauka, msiiweke karibu na moto kabisa. Na haya maua makavu tunayobandika kwenye mishumaa kwa ajili ya picha, ukweli ni kwamba ni kuni.

Utambi. Tuko Usukumani, nchi ya pamba, na bado tunanunua utambi kutoka nje. Sokota nyuzi za pamba na utapata utambi unaowaka, lakini utarefuka, utatoa moshi, utahitaji kukatwa kila mara. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alikuja na utambi wa kusuka. Uliosukwa hujipinda unapoungua, ncha yake inatoka pembeni mwa mwali penye hewa na kuteketea yenyewe. Basi suka, usisokote. Unene wake uendane na upana wa mshumaa: ukiwa mwembamba mno unachimba shimo katikati, ukiwa mnene mno unatoa masizi. Washa wa majaribio kabla hujauza hata mmoja, na uwashe mbali na dirisha, kwa sababu upepo wa ziwa wa mchana utakudanganya.

(Swali kutoka kwa mama mmoja: "Mwalimu, nta ya nyuki je? Si ndiyo ya asili?")

Ndiyo mama, na Tabora wanayo nyingi. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, inawaka muda mrefu, ina harufu yake nzuri bila kuongezwa kitu. Ila ni ghali na inanata kwenye kalibu ngumu, itumie kwenye silikoni. Mimi ningeipeleka kanisani. Tarehe 2 Februari Wakatoliki hubariki mishumaa, Pasaka inafuata, ubatizo upo mwaka mzima. Mteja wa huko anajua anacholipia.

(Swali kutoka kwa kijana: "Vyungu vya jipsam nikiviweka nje barazani?")

Mvua za masika zitavila, kijana wangu. Jipsam huyeyuka kwenye maji, kidogo kidogo, lakini huyeyuka. Vya nje mimina kwa sementi na mchanga laini uliochekechwa, kalibu ni ile ile. Acha siku nzima kabla ya kubandua, kisha uvilowanishe siku kadhaa vipate nguvu.

(Swali: "Na bei tunaipangaje?")

Hesabu nta, utambi, mkaa, boksi, na muda wako. Halafu hesabu kalibu. Silikoni inachoka, huanza kuchanika kwenye ncha za mapezi, na siku hiyo utahitaji hela ya nyingine. Kwa hiyo kila kipande kinachotoka kilipie sehemu ya kalibu inayokuja. Msiogope kusema bei yenu kwa sauti. Mwenye dubu na waridi ndiye anayepaswa kuogopa.

Ndoo ya bluu ina maji yaliyopimwa, unga uko kwenye meza. Njooni watano watano, pete na bangili mzivue kwanza, na anayevaa kanga aikaze, mkaa uko chini pale kona.