Kabla ya Kumuuliza Tajiri Ndoto Zake, Uliza Nani Anamwagiza Karani

Ndugu zangu wafanyabiashara, walimu wenzangu, na ninyi makocha wa biashara mnaofanya kazi hapa Mwanza, karibuni.

Nina jambo moja, na linawahusu zaidi makocha. Tumekuwa wepesi wa kumuuliza mteja ndoto zake, wazito wa kumuuliza nani anatoa amri ndani ya biashara yake. Mtu anakaa nasi saa nzima, tunamtia moyo, anaondoka amechangamka. Jumatatu anarudi kwenye ghala lilelile lenye vurugu ileile.

Kuna mama mmoja, simtaji jina, ana ghala la dagaa kule Kirumba mwaloni. Alinijia akilalamika kwamba karani wake mzembe, mizigo inachelewa, hesabu hazikai sawa. Nikamwomba nikae ghalani asubuhi moja. Kabla ya saa nne mama alikuwa ameshamwambia karani atangulize mzigo wa Kongo. Mume akapiga simu: wa Dodoma uanze. Kisha akaingia shemeji, akabeba magunia mawili, akasema, "Andika tu, tutamalizana." Kijana ana daftari moja na mabwana watatu! Ukimfundisha huyo nidhamu ya muda utakuwa unamwonea.

Henri Fayol aliliona hili zamani. Alikuwa mhandisi wa migodi Ufaransa, na mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni ya makaa ya mawe na chuma iliyokuwa inakaribia kufilisika, akaiinua. Mwaka 1916 akachapisha kanuni zake 14 za uendeshaji. Mojawapo ni kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkuu mmoja tu. Wakuu wawili, alisema, huleta ugomvi popote pale, hata nyumbani. Kwa mama yule tulianzia hapo: mume na shemeji wakiwa na neno, wampigie yeye, karani aachwe afanye kazi.

Yale magunia mawili ya shemeji sasa. Hayo ni somo la Max Weber, mwanasosiolojia Mjerumani aliyefariki 1920. Ukimtaja watu wanakumbuka urasimu, wanakumbuka foleni na mihuri, wanakunja uso. Lakini Weber alisisitiza jambo ambalo laiti kila duka la Makoroboi lingelishika: ofisi itengane na kaya, na mali ya shughuli isichanganywe na mali ya mtu. Hapa ndipo ninapoona biashara nyingi za familia zikizama. Hela ya dagaa inalipa ada, inachangia msiba, inanunua bati za nyumba ya Sengerema. Si kosa, ndiyo maana tunahangaika. Kosa ni kuichota bila kuandika. Tajiri ajipangie mshahara, na akizidisha, daftari liseme anadaiwa. Kocha asiyethubutu kumwambia tajiri hivyo, anamsaidia nini?

Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani, sitakaa naye sana. Kitabu chake cha 1911 kilifundisha viwanda kupima kazi kwa saa, na kupima kuna faida. Wengi wetu hatujui hata gunia moja linachukua muda gani kufungwa na kupimwa. Ila aliwaachia mabosi kufikiri, wafanyakazi akawaachia kutenda, na hapo simfuati.

Usikivu tunaojivunia makocha nao una historia. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, utafiti ulianza 1924 kwa kubadilisha mwanga wa taa. Baadaye watafiti wakawahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Wahojaji walianza na maswali yaliyopangwa, wakaona watu wanataka kusema mengine, wakaagizwa wasikilize tu, wasibishane wala kutoa ushauri. Mahojiano ya nusu saa yakafika saa moja na nusu. Hiyo ndiyo kazi yetu hasa. Lakini angalieni: mtu akishasikilizwa anapata nafuu moyoni hata kama hakuna kilichobadilika kazini, na kocha anaweza kuidhani nafuu hiyo kuwa ndiyo tiba.

Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeandika juu ya uongozi, ndiye ninayempenda kuliko wote. Alisema amri isitoke kwa mtu, itoke kwenye hali yenyewe. Bosi na mfanyakazi waitazame pamoja na kuitii. Nendeni Igombe siku dagaa wameanikwa na wingu linapanda kutoka ziwani. Hakuna anayemngoja msimamizi. Wanaoanika wanakusanya, wengine wanavuta maturubai, na tajiri akiwepo naye anashika pembe. Msimamizi mzuri ni yule aliyekwisha kukubaliana nao tangu asubuhi turubai liko wapi na nani anaanza upande gani.

Najua mtaniuliza: je, kama huyo mume ndiye aliyetoa mtaji? Na shemeji, kama hajawahi kulipwa hata senti tangu ghala lifunguliwe? Fayol peke yake hatoshi hapo. Naomba tuanze maswali na hilo.