Kitu cha Bure Kina Anayekilipia

Ndugu zangu,

Jambo hili nimekwisha kulisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado tunalikosea. Jumuiya ya mtandaoni isiyotoza ada ina mtu anayeilipia, na siku mtu huyo atakapoishiwa, sote tutakuta mlango umefungwa. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hulipiwa kila mwezi, jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na kwa zile saa za usiku anazotumia kufuta utapeli na kutuliza ugomvi, msimamizi halipwi hata senti.

Mwaka niliopoteza kazi, bila taarifa ya hata wiki moja, niliketi na daftari nikaorodhesha kila kilichokuwa kikitoka kwenye akaunti yangu: kodi ya nyumba, chakula, dawa, umeme, nauli ya kutafutia kazi. Mstari wa mwisho ulikuwa mchango wangu wa kila mwezi kwa jumuiya iliyonifundisha kazi ileile niliyoipoteza, na hapo kalamu ilisimama. Usajili wa burudani niliufuta bila kusita, lakini mchango huo niliuacha ukatwe miezi miwili zaidi, kwa aibu tu, huku nikikopa fedha ya chakula. Mwezi wa tatu nilimwandikia msimamizi kumwomba radhi. Alinijibu usiku uleule kwamba nisitishe mara moja na kwamba sidaiwi chochote. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, akaongeza kuwa yeye mwenyewe alikuwa na miezi minne bila mshahara, na seva alikuwa akiilipia kwa akiba yake. Wachangiaji tulikuwa kumi na mmoja, na wanachama walikuwa maelfu.

Wapo wanaosema kwamba kitu muhimu hakikosi mfadhili. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 2014, kasoro ya usalama iliyoitwa Heartbleed ilipogunduliwa katika OpenSSL, programu ya bure iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilidhihirika kwamba mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiufanyia kazi muda wote. Kampuni kubwa zilitoa fedha baada ya hatari kujulikana, wala si kabla. Wengine hunitajia Wikipedia, ambayo tangu mwaka 2001 inaishi bila matangazo ya biashara. Lakini Wikipedia ina mamilioni ya wasomaji wa kuwaomba, na jumuiya ndogo haina.

Basi aliyepatwa na dhiki asitishe mchango siku ya kwanza, bila kujieleza kwa yeyote. Mwenye mshahara naye atoe kidogo kila mwezi, kwa kuwa bili ya seva nayo huja kila mwezi na haisubiri ukarimu wa mwisho wa mwaka. Wasimamizi nao watuwekee hesabu wazi, tujue wamelemewa kabla hawajazama.

Kuhusu madeni nilikuwa na mengi ya kusema, lakini muda umekwisha. Niseme moja tu: mwandikie anayekudai kabla ya tarehe ya kulipa, wakati bado mnaweza kupanga upya malipo na faini ya ucheleweshaji haijaingia.