Dirisha Lililokunjwa Halijafungwa: Matumizi ya Upau wa Kazi katika Windows XP

Ndugu washiriki, leo nawaomba tuutazame mstari mmoja tu wa skrini, ule wa buluu ulio chini kabisa, unaoanzia kwenye kitufe cha kijani cha Start na kuishia kwenye saa. Huo ndio upau wa kazi, kwa Kiingereza "taskbar". Nimechagua toleo la Windows XP, lililoingia sokoni Oktoba 2001, kwa sababu ndilo lililomo katika kompyuta mnazozitumia kwenye steshenari zenu kupigia chapa barua, mitihani na fomu. Microsoft iliacha kulitolea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo ni vyema mashine hizo zibaki na uchapaji wake bila kuunganishwa na intaneti.

Thamani ya upau huu huonekana tukikumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Katika Windows 3.1, dirisha lililokunjwa, yaani lililoondolewa machoni kwa muda bila kufungwa ("minimize"), liligeuka aikoni ndogo sehemu ya chini ya skrini, na dirisha jingine likitandazwa juu yake liliifunika, hata mtu akabaki kusogeza madirisha huku na huko akiitafuta kazi yake. Windows 95, iliyotolewa tarehe 24 Agosti 1995, ilileta upau unaobaki machoni muda wote, na kila dirisha lililo wazi likapewa kitufe chake humo. Kitufe kilichodidimia ni cha dirisha unalolifanyia kazi. Ukikibofya, dirisha hujikunja, na ukikibofya tena, hurudi na maandishi yote kama ulivyoyaacha.

Hapa ndipo lilipo neno langu kuu: dirisha lililokunjwa halijafungwa. Siku moja niliketi kando ya mpiga chapa aliyelalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito hadi herufi zinachelewa kutokea. Ilikuwa na megabaiti 128 tu za kumbukumbu. Nilipotazama chini niliona kitufe kimoja chenye alama ya Word, tarakimu 9 na mshale mdogo. Kila alipoingia mteja mpya, dada yule aliikunja barua ya aliyetangulia, akaamini imekwisha kuondoka, akafungua ukurasa mwingine. Hakuwa mzembe. Upau unapojaa, XP yenyewe hukusanya vitufe vya programu moja ndani ya kitufe kimoja, na asiyeelezwa hana namna ya kujua kwamba tarakimu ile inahesabu kazi zilizo wazi. Tulikibofya, orodha ya majina ikapanda juu, tukazipitia moja baada ya nyingine, tukizihifadhi na kuzifunga. Miongoni mwake tuliikuta barua ambayo asubuhi ile alikuwa ameiandika upya yote, akidhani imepotea. Huniuma sana kumwona mtu akirudia kazi ya saa nzima ilhali kazi yenyewe iko mbele ya macho yake.

Wakati mwingine upau wenyewe ndio hutoweka, na watu hukimbilia kusema ni virusi, wakampelekea fundi mashine na kulipa fedha bure. Mara nyingi ukingo wake umeburutwa chini hadi ukabaki uzi mwembamba. Peleka kielekezi taratibu mpaka mwisho wa skrini. Kikigeuka mshale wenye ncha mbili, shikilia kitufe cha kushoto cha kipanya na uvute juu. Ikiwa haupo chini, tazama juu na pembeni, maana huweza kuhamishiwa upande wowote kati ya pande nne za skrini. Ukisharudi mahali pake, bofya kulia sehemu tupu ya upau na uweke tiki kwenye "Lock the Taskbar", na hautasogea tena kwa bahati mbaya.

Kuhusu aikoni zilizo karibu na saa nitasema moja tu, ile ya kuchomolea flashi kwa usalama, ambayo pengine hujificha nyuma ya mshale mdogo. Ibofye, chagua flashi ya mteja, usubiri ujumbe wa ruhusa ndipo uichomoe, kwa kuwa flashi inayochomolewa katikati ya kuandikiwa huweza kuharibu faili zilizomo.

Sasa tushike vipanya. Fungueni nyaraka mbili, ya zamani na mpya, mkunje madirisha mengine yote, kisha mbofye kulia sehemu tupu ya upau na kuchagua "Tile Windows Vertically". Nyaraka hizo zitakaa ubavu kwa ubavu, nanyi mtanakili huku mnasoma, bila kufungua na kukunja kila baada ya sentensi. Aliyekwama anyooshe mkono, nitapita meza kwa meza.