Boda haina nguvu? Toa plagi kwanza

Haya jamani, karibuni tena. Leo tuko na hii boda, imeshuka kutoka Nairobi juzi na mwenyewe analia ati hapa Mombasa haivuti, akiachilia gesi inapiga risasi kwa silensa, akipanda daraja la Nyali na abiria inakohoa.

Weka bisibisi chini. Toa plagi, ile ya kutoa cheche kwa injini.

Hebu leta kamera karibu, mwaiona? Nyeupe kama chokaa. Hiyo ni hewa nyingi mafuta kidogo, injini inachemka bure. Ingekuwa nyeusi ya masizi, mafuta yamezidi, ndio zile boda zatoa moshi mweusi na mwenyewe ashangaa tangi haifiki jioni. Twataka rangi ya kahawia, ya biskuti. Petroli kilo moja yataka hewa kilo 14.7 hivi iungue vizuri, na Nairobi iko juu mita kama 1,700, hewa nyepesi, fundi wa kule akaweka jeti ndogo, yaani kile kipande chenye tundu la kupitisha mafuta, sasa hapa baharini hewa imejaa na mafuta ni yale yale.

Ila usiniamini haraka, angalia kwanza mpira wa kati ya kabureta, ile inayochanganya hewa na mafuta, na kichwa cha injini, ukipasuka unavuta hewa ya wizi na utahangaika na skrubu mpaka magharibi. Huu mzima.

Rudisha plagi, washa ipate moto. Sasa hii skrubu ndogo ya kabureta, tazama iko upande gani. Ikiwa upande wa injini, kufungua ni kuongeza mafuta, ikiwa upande wa eakilina, kichujio cha hewa, basi ni ya hewa, kufungua ni kupunguza, na hapo ndipo wengi wanapotea. Hii ni ya injini. Funga polepole mpaka ikae, usikaze utaharibu ncha, halafu rudisha mzunguko mmoja na nusu, uende kidogo kidogo huku wasikiliza, mngurumo ukifika juu kabisa wacha hapo.

Lakini hiyo ni ya moto mdogo tu, gesi haijavutwa. Ukivuta gesi nusu, sindano ya ndani ya kabureta ndio inapima: shusha klipu yake pengo moja, sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Ukivuta yote ni jeti kubwa, namba kubwa tundu kubwa, hii naibadilisha kwa iliyozidi kidogo. Na jeti usiizibue kwa waya! Mimi nilipoanza kazi niliichokoa moja na spoku, tundu likapanuka, pikipiki ikanywa mafuta kama maji, jeti mpya nikalipa mfukoni mwangu.

Haya, rudisha kila kitu, plagi mpya, twende barabara tupu. Vuta gesi yote kwa muda kidogo, bana klachi, zima hapo hapo, serereka kando. Usiiache ingurume, itabadilisha rangi ya plagi.

Ngoja ipoe basi, mimi vidole vishaungua sana na hizi. Haya... mwaona? Biskuti.